Majuto ni Mjukuu, na Mjukuu Nilikuwa Mimi

Wahenga walinena kuwa majuto ni mjukuu. Methali hii nimeiandika katika insha zangu tangu shule ya msingi bila kuielewa. Mwaka wa 2025, nikiwa kidato cha pili, niliielewa barabara, maana mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi.

Msomaji mpendwa, tega sikio nikusimulie. Nyumbani kwetu Changamwe kuna tarakilishi mbili. Ya kwanza ni kipakatalishi cha kaka yangu, fundi wa simu, nacho kinatumia mfumo wa Windows. Ya pili ni tarakilishi kuukuu ya mezani aliyoinunua kwa bei ya kutupa. Aliitia mfumo wa Linux kwa kuwa hauuzwi, akanipa mimi nisomee. "Haya, hii yako," aliniambia. "Lakini ukiiharibu usije kwangu ukilia."

Mwanzoni tulihamisha vitu kwa flashi. Kila jioni ilikuwa ni, "Flashi iko wapi?" "Si ulikuwa nayo wewe!" Tena flashi yenyewe, kwa namna ilivyopangwa, ilikataa faili lolote lililozidi GB 4. Nikamwuliza kaka kwa nini tusichomoe diski yangu na kuichomeka kwenye mashine yake. Akacheka. Alinieleza kuwa Linux ina namna yake ya kupanga diski, na Windows peke yake haiwezi kuisoma. Ni kama kumpa barua ya Kiarabu mtu asiyejua hata alifu.

Dawa yake ilikuwa ruta ndogo ya Wi-Fi iliyokuwa sebuleni. Mimi nilidhani ruta ni ya kuleta intaneti tu. La hasha! Hata bando likiisha, mashine zilizomo nyumbani huendelea kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Lakini zitazungumzaje ilhali kila moja ina mfumo wake? Hapa ndipo nilipokumbuka Kiswahili chetu. Mjaluo na Mgiriama wakikutana soko la Kongowea, hakuna anayelazimika kujifunza lugha ya mwenzake. Wote wawili hutumia Kiswahili, nyanya zikauzwa. Mashine nazo zina Kiswahili chao, kinaitwa SMB. Windows hukijua tangu kuzaliwa. Linux hukizungumza kwa msaada wa programu iitwayo Samba.

Samba ilianzishwa na Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Australia, na toleo la kwanza likatoka mwaka wa 1992. Hakupewa kitabu cha lugha hiyo. Alichunguza ujumbe uliokuwa ukipita kati ya mashine hadi akaelewa zinasemezana nini. Jina alilipata kwa kutafuta katika orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B. Nilipoyasikia hayo nilimstahi sana, kwani hata mtoto hujifunza lugha kwa kusikiliza.

Basi kaka akaweka Samba kwenye tarakilishi yangu, akatenga folda moja ya watu wote, akaweka na nywila. Kwenye kipakatalishi chake folda hiyo ikatokea kama diski nyingine yenye herufi Z. Sasa Windows haikuhitaji tena kuisoma diski yangu. Ilibisha hodi na kuomba, nayo Linux ikasoma na kuleta. Ni kama jirani anayekupimia unga mlangoni. Wewe huingii stoo yake, lakini unga unaupata.

Likizo ya Agosti ilipowadia nilikwenda Kaloleni kwa nyanya. Mwalimu alikuwa ametufundisha fasihi simulizi, nami nilitaka kukusanya ngano kutoka kwa fanani halisi. Kwa simu ya mama nilirekodi rekodi kumi na moja. Kulikuwa na ngano za sungura na fisi, vitendawili, na simulizi la Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka wa 1913. Nyanya alilipokea simulizi hilo kwa mama yake, na katikati aliimba wimbo mmoja kwa sauti iliyotetemeka. Niliporudi nilizihamisha rekodi kwenye folda ya wote. Mama akanihimiza niifute simu, maana ilikuwa imejaa. Nikafuta saba, nikachoka, nikaacha nne.

Jumapili moja kaka aliniita. "Wee, hebu nipunguzie vitu humu, mashine imejaa pomoni." Nikaketi kifua mbele kama mtaalamu. Nikaifungua Z, nikaiona folda iliyoandikwa "Nyanya". Nikajisemea, hii ni nakala tu, rekodi zenyewe si ziko kwenye mashine yangu? Nikabonyeza kufuta. Windows ikaniuliza kama nina hakika nataka kuifuta kabisa. Nikakubali bila kusoma vizuri. Haraka haraka haina baraka!

Usiku nilikaa kwenye tarakilishi yangu niandike ngano ya kwanza. Lo! Folda haikuwapo. Moyo ulinidunda. Nilikimbilia kwenye pipa la taka la Linux, tupu. Nikakimbilia la Windows, tupu pia. Kumbe kitu kikifutwa kupitia mtandao namna ile hakipiti kwenye pipa, kinakwenda moja kwa moja. Na kumbe Z haikuwa nakala. Ilikuwa dirisha tu la kuchungulia diski ileile moja. Nilikuwa nimeingiza mkono dirishani nikatupa kilichokuwa ndani ya nyumba.

Nilimwendea kaka nikilia, ingawa alikuwa amenikataza. Hakunigombeza. Aliizima tarakilishi papo hapo, akisema kuwa faili lililofutwa hubaki kwenye diski kama hiyo hadi jingine liandikwe juu yake. Kesho yake aliichomeka diski kwenye mashine ya kazini, akatumia programu ya kufufua mafaili. Rekodi tatu zilipatikana, zikiwa hazina majina. Nne zilikuwamo bado kwenye simu ya mama kwa sababu ya uvivu wangu. Jumla saba. Nne zilikwenda na maji, na mojawapo ilikuwa ya Mekatilili.

Mwezi wa Desemba nilirudi Kaloleni, nikamweleza nyanya yote. Alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, hicho chombo chako nacho husahau kama mimi?" Kisha akanisimulia tena. Simulizi lilikuwa fupi kuliko la kwanza. Alipofika mahali pa wimbo alinyamaza, akatazama minazi, akasema, "Wimbo umenitoka. Labda kesho." Kesho yake haukuja. Nilikaa siku tano, haukuja.

Siku hizi folda ya wote bado ipo nyumbani, na tunaitumia kila siku. Lakini kila Jumamosi nanakili rekodi kwenye diski ya nje, kisha naichomoa. Nakala nyingine iko kwa shangazi huko Mtwapa. Kaka naye amenitengea folda ambayo Windows inaweza kuisoma lakini haiwezi kuifuta.

Wanachama wenzangu, wengi wetu tutarekodi wazee wetu mwaka huu. Kushiriki si kuhifadhi. Mkitumia sanduku moja, hata likiwa na milango kumi, ni sanduku moja tu. Hebu nakili mara mbili kabla ya kufuta mara moja. Mimi bado nausubiri ule wimbo, na kila nikienda Kaloleni simu huwa tayari mkononi.