Tabaga, Asali na Milaya

Mimi ni mzaliwa wa Ediofe, Arua, kwenye kilima cha misheni, lakini kazi inayonilisha niliipata ng'ambo ya mpaka. Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, visasi vilifuata, na watu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tukakimbilia Sudan na Zaire, Kongo ya leo, kwa maelfu. Sisi tuliangukia Ariwara, upande wa Zaire. Huko mama mmoja wa Kinubi, mkimbizi kutoka Koboko, alinikalisha mkekani akanifundisha kushona tabaga.

Tabaga ni kawa la kufunikia chakula. Ufundi wake ni wa Wanubi, kizazi cha askari wa gavana Emin Pasha. Unaanzia katikati: unazungusha kicha chembamba cha nyasi na kukishona kwa ukindu uliotiwa rangi, duru baada ya duru, kila mshono ukishika duru iliyotangulia. Mama yule alikuwa akipitisha ukucha juu ya kazi yangu. Ukikwama, nafumua. Mpaka leo msusi anayeniletea mali nampima hivyo hivyo, na mteja namhimiza afanye vivyo hivyo kabla hajalipa. Rangi zisimpumbaze. Abonyeze ukingo, ukirudi mahali pake, kazi imekazwa.

Tuliporudi nyumbani nikaanza kuuza sokoni Arua. Watalii waliotoka kutazama wanyama Murchison Falls, watu wa mashirika, watoto wetu wanaokuja likizo kutoka Kampala na London, wote huuliza wachukue nini. Vitenge vimejaa, tena vizuri, ila nawaambia wazi kwamba vimepitia Kongo na havikuchapwa hapa. Asali ni yetu. Ikiganda wengi hudhani imetiwa sukari. "Mwanangu," namwambia mteja, "hata asali safi huganda. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu." Ninayoikataa ni ile inayonuka moshi, iliyorinwa kwa kuwachoma nyuki.

Mafuta ya shea ya huku ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Jua la mchana huyayeyusha, kwa hiyo kopo lifungwe barabara kabla ya kupanda basi. Kina mama huokota matunda yaliyoanguka, hukausha kokwa, huzikaanga, huzisaga, kisha huengua mafuta. Inaniuma kuona miti hiyo ikikatwa kwa ajili ya mkaa. Mshea huchukua miaka kumi na zaidi kabla ya kuzaa, na anayeukata hapandi mwingine.

Tangu makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yafunguliwe Yumbe mwaka 2016, mezani kwangu imeongezeka milaya: mashuka yaliyotariziwa maua na ndege kwa mkono, na kingo zilizofumwa kwa kulabu. Wanaoyashona ni kina mama wa Sudan Kusini, ambao wengi wao walivuka mpaka na watoto mgongoni na sindano waliifahamu tangu kwao. Kwangu hakuna zawadi ya West Nile inayoshinda hiyo. Mgeni akigeuza shuka na kuona upande wa nyuma safi, bila nyuzi zinazoning'inia, ameshika kazi ya miezi.

Kwa hiyo asali tutapatana bei, na hata tabaga. Milaya hapana. Bei huitaja mshonaji mwenyewe, nami naongeza nauli tu ya kutoka Yumbe.