Mzingile wa Mianzi na Njia ya Kurudi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuamrisha tutembee katika ardhi na tuangalie kwa mazingatio. Juma hili tunawachukua wasomaji wetu, hasa kina mama, hadi Fontanellato, mji mdogo ulio karibu na Parma, kaskazini mwa Italia. Baina ya Malindi na Italia pana mazoea ya siku nyingi. Wako wana wa Malindi waliohamia huko wakazaa na kulea, na ni familia moja katika hao iliyotukaribisha na kututembeza.

Mahali penyewe huitwa Labirinto della Masone. Ni mzingile, yaani bustani ya vijia vinavyopinda na kupindana, baadhi yake vikifululiza na vingine vikikoma ghafla mbele ya ukuta. Umeenea hekta 7, na kuta zake ni mianzi hai, zaidi ya laki mbili kwa hesabu. Mianzi ilichaguliwa kwa sababu hukua upesi na haipukutiki majani yote wakati wa baridi. Vijia vyote vikiunganishwa hupita kilomita 3. Ukishaingia, huoni ila ukijani pande zote na ukanda mwembamba wa mbingu juu yako.

Aliyeujenga ni Franco Maria Ricci, mchapishaji wa vitabu vya sanaa. Alikuwa na rafiki, mwandishi wa Argentina aitwaye Jorge Luis Borges, ambaye alipofuka macho. Ricci alisimulia kwamba alipokuwa akimwongoza rafiki yake na kuona zile hatua zake za kusitasita, ndipo wazo la mzingile lilipomjia. Akamwahidi kuujenga mkubwa kuliko yote duniani. Borges akamjibu kuwa huo upo tayari, nao ni jangwa. Hakuwa akifanya mzaha, kwani aliwahi kuandika hadithi ya mfalme wa Babeli aliyemwingiza mfalme wa Waarabu katika mzingile wake ili amcheke. Yule Mwarabu alihangaika mpaka jioni, akamwomba Mungu, akauona mlango. Baadaye alimshinda mwenziwe vitani, akamchukua hadi katikati ya jangwa lisilo mlango wala ukuta, akamwacha humo.

Borges alifariki mwaka 1986, na mzingile ukafunguliwa mwaka 2015. Ahadi kwa rafiki haikufa pamoja naye. Ricci naye alifariki mwaka 2020, lakini mahali pale pamebaki: pana makumbusho yenye kazi za sanaa zipatazo 500, na maktaba yenye vitabu vya Bodoni, mpiga chapa mashuhuri wa Parma. Watoto huingia wakajifunza kwa macho na kwa miguu, na watu wazima huingia wakatafakari kimya kimya.

Hapa tuweke jambo wazi. Hatusemi kuwa kuzunguka katika mianzi ni ibada, wala kuwa pembe zake zina siri yoyote. Ibada zetu tumefundishwa na Mtume wetu (S.A.W.) na zimekamilika. Ulipofika wakati wa sala tulisali adhuhuri na alasiri pamoja, kwa kukusuru, kama ilivyo ruhusa kwa msafiri. Sisi wa pwani ya Kenya tumezoea kuelekea kaskazini. Huko kibla ni kusini-mashariki. Njia ya kutokea tulikuwa hatuijui, lakini kibla tulikijua, na moyo ukatulia.

Lililotushughulisha zaidi ni zile njia zilizoziba. Mtoto wa wenyeji wetu, mvulana wa miaka tisa, alitangulia mbio akatutoka machoni. Punde tukamsikia upande wa pili wa mianzi akilia kwamba mbele yake hakupitiki. Mama yake hakumkemea, wala hakujaribu kupenya ukuta. Alisimama pale pale, akawa anamwita kwa jina, kwa sauti ile ile, mara baada ya mara: “Rudi ulikopita, mwanangu, mimi niko hapa.” Mtoto aliifuata sauti, akakosea tena, akarudi tena, mpaka akatokea.

Enyi kina mama, wangapi katika nyumba zetu wana mtoto aliye upande wa pili wa ukuta? Wako vijana wetu waliomezwa na mihadarati, wako waliokata mguu nyumbani kwa aibu, na wako walioishi na sisi chumba cha pili ilhali nyoyo zao ziko mbali. Wengi wao wameshafika kwenye ukuta na wanajua wamefika. Kinachowazuia si kutojua kwamba wamepotea, bali ni kudhani kuwa nyuma hakuna anayewangoja. Neno toba, katika asili yake ya Kiarabu, ni kurejea. Katika rakaa 17 za faradhi kila siku twaomba kuongozwa njia iliyonyooka, na asiyeweza kupotea hana haja ya kuomba kuongozwa. Basi anayerejea tusimpokee kwa hesabu ya hatua alizopotea.

Haya si maneno ya kulegeza. Ukuta ni ukuta, na haramu haigeuki kuwa halali kwa sababu ya huruma. Yule mama hakumwambia mwanawe kuwa njia iliyoziba ni njia. Alimwambia arudi, na akahakikisha kwamba sauti ya kumrudisha haikatiki.

Hatuna hekta 7 za mianzi, lakini nyua za madrasa zetu tunazo. Mzingile waweza kuchorwa kwa chokaa sakafuni, ukabaki hapo daima, watoto wakaupita alasiri na mwalimu akawauliza katika kila pembe: Umefika wapi? Utafanyaje sasa? Na jioni moja katika juma wazazi waupite pamoja na vijana wao, polepole, wakizungumza. Huenda yakatoka maneno ambayo mezani hayatoki.

Mwenyezi Mungu awarejeshe walio mbali, na atujaalie sisi tuliobaki subira ya kuendelea kuita.

Wabillahi tawfiq.