Nesi kabaki na laptopu yake (sehemu ya 9)

Najua niliahidi sehemu ya 9 itakuwa ya mtoto anayekataa ziwa, na kuna mama kanikumbusha mara tatu. Nisamehe mama, hiyo inakuja keshokutwa. Leo ngoja nitoe la kwangu, maana wengi mnauliza mbona siku hizi simuoni nesi wetu pale kliniki.

Sipo kwa sababu mkataba umekwisha. 30 Septemba ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho.

Wengine mlikuwa hamjui: mimi sikuwa mwajiriwa wa serikali. Nilivaa sare ileile, nikapangiwa zamu zilezile, ila mshahara ulitoka kwenye mradi uliolipiwa na misaada ya Marekani. Miaka sita nimekaa chumba cha kina mama wanaoishi na VVU. Mimi ndiye niliyewachoma watoto kisigino wakifika wiki sita, tone la damu kwenye karatasi, halafu mama na mimi tunasubiri majibu kama mtihani wa taifa. Januari 2025 misaada iliposimamishwa kwa siku 90, tukaambiwa tukae nyumbani. Februari tukaitwa, kwa sababu kumkinga mtoto asiambukizwe na mama ilikuwa kati ya huduma chache zilizoruhusiwa kuendelea. Tulirudi, lakini kila simu ya bosi ikiita, moyo unaruka. Machi ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya miradi ya shirika lao la misaada imefutwa. Barua yangu ilifika Agosti. Mistari minne tu, pamoja na "tunakushukuru".

Sitawachosha na siku zile. Nililia siku moja, bafuni, maji yakiwa wazi ili watoto wasisikie. Basi.

Sasa hapo ndipo laptopu inapoingia. Ni ya mitumba, nimeinunua nikiwa kazini mwaka wa kwanza. Betri ilishakufa siku nyingi, inawaka ikiwa kwenye umeme tu. Lakini ndani yake kuna vyeti vyangu vyote nilivyoskani, na kuna picha za mwanangu mkubwa tangu siku aliyozaliwa, kwa sababu simu iliyopiga picha hizo niliibiwa kwenye daladala. Nakala ni hiyo moja. Na mimi nesi, ninayewaambia kila siku msiache kadi ya kliniki sehemu moja bila kupiga picha!

Nikaifungua nianze kuomba kazi, nikakuta tangazo: Windows 10 mwisho wake 14 Oktoba 2025. Yaani wiki mbili baada ya mimi. Mume wangu akasoma begani kwangu, akasema, "Mama, na huyu naye kapewa barua."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

Nikampelekea fundi mjini. Kijana mzuri tu, akanisalimia shikamoo dada, akaikagua, akatikisa kichwa. "Dada, hii haipandi Windows 11." Nikamuuliza ina ubovu gani. Haina ubovu, akasema. RAM ya GB 4 inatosha, nafasi ipo, ila prosesa ni ya kizazi cha tano na wao wanataka kuanzia cha nane kwa hizi za Intel, tena wanataka na kitu kinaitwa TPM 2.0. Mashine nzima, inafanya kazi, lakini haikidhi vigezo. Hilo neno nilikuwa nimelisikia vya kutosha mwezi ule.

Akasema kuna njia ya panya, anaweza kuilazimisha kwa elfu thelathini. Nikakataa. Ukiilazimisha, wenye programu wenyewe wanasema hawakuhakikishii kwamba utapata masasisho, na masasisho ndiyo sababu ya kuhama. Maana kompyuta haizimiki siku ya mwisho, itawaka kama jana. Ni kama mtoto aliyepata surua ya miezi 9 mama akaacha ya miezi 18. Utamuona anacheza na wenzake, mzima kabisa.

Njia niliyoichukua nilielekezwa na mdogo wangu wa Kihonda. Kumbe wenye Windows 10 majumbani wameongezewa mwaka mmoja wa ulinzi, hadi 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipa dola 30, au hulipi kitu ukiingia na akaunti yao na kuruhusu mipangilio yako itunzwe mtandaoni. Sharti ni kwamba Windows 10 yako iwe toleo la 22H2. Yangu ilikuwa ya zamani, miaka sijaigusa, kila ikiniomba nasema baadaye. Zamu ya usiku, watoto, nani ana muda?

Basi 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, watoto hawaendi shule, nikanunua bando nikaanza. Mdogo wangu alinionya: nakili picha kwanza. Flashi yangu ni ya GB 16, vyeti viliingia, picha hazikuenea. Nikasema Mungu atasaidia. Saa nane mchana ikajizima ikawaka, ikaandika asilimia zake: 20, 35, 50. Wa mwisho alikuwa amelala mgongoni. Ilipofika 61 umeme ukakatika.

Jamani. Nimeshawahi kumpokea mtoto asiyelia, nikamfuta, nikampa hewa, mikono yangu haikutetemeka. Siku ile ilitetemeka. Nilikaa sakafuni naangalia kioo cheusi, na nilichokuwa nalilia hata si zile picha peke yake. Ni ile kwamba kila ninachoshika kinazimikia mkononi.

Mume wangu hakusema "nilikwambia", ingawa angeweza. Alimchukua mtoto mgongoni, akaniwekea chai.

Umeme ulirudi saa moja jioni. Nikaiwasha. Ikakaa na kale kaduara kanakozunguka, kisha ikaandika kwamba inarudisha ilivyokuwa mwanzo, tusizime. Karibu saa nzima. Ikafunguka. Picha zipo. Yule mtoto mwekundu wa siku moja, kofia ya hospitali imemfunika jicho, yupo.

Kesho yake sikugusa chochote hadi nilipokopa diski kubwa ya mdogo wangu. Tulinakili kila kitu, tukahesabu mafaili huku na huku kama tunavyohesabu dawa tukikabidhiana zamu. Halafu tukafanyia kwake, ana betri ya sola. Ikapita, ikawa 22H2, tukaiandikisha ule mwaka wa nyongeza. Mume wangu anasema laptopu imeongezewa mkataba nesi hakuongezewa. Namwachia, maana ndiye analipa bando.

Maombi yangu yameshaingia Ajira Portal, Afisa Muuguzi Msaidizi daraja la II. Kwa wauguzi wenzangu mlio kwenye hali hii: leseni ya Baraza iwe hai, na vyeti muwe navyo halisi, maana matangazo husema hati ya matokeo haikubaliki. NSSF nao nimekwenda na ile barua kufuatilia fao la kukosa ajira. Msiitupe barua hata kama inawauma kuiona, wataiulizia.

Na nyie mama zangu wa kile chumba, mnajijua. Sitaji mtu. Dirisha ni lilelile, dawa zinatolewa, kuna dada mwingine pale, mpole kuliko mimi. Usiache kumeza kwa sababu hukunikuta. Na kama mwanao hajachukuliwa ile damu ya wiki sita, nenda Jumatatu, usingoje nirudi, kwa sababu sijui kama nitarudi.

Haya, wa mwisho kaamka. Keshokutwa tunaongea ziwa.