Wino wa Kurasa 120

Katika shule za Nyanza Kusini, Kenya, miaka ya 1980, wino ulikuwa mali ya ofisi. Ulifungiwa kabatini mwa mwalimu mkuu pamoja na chaki na fimbo. Karani alichapa mtihani kwa taipureta juu ya karatasi ya nta, yaani stensili, bila kutumia utepe, ili herufi zitoboe nta. Akikosea, alipaka dawa nyekundu, akangoja ikauke, akachapa upya. Halafu stensili ilifungwa kwenye ngoma ya mashine na mwanafunzi mwenye misuli akaitwa kuzungusha mkono. Nilisoma karibu na mji wa Homa Bay, na kuitwa huko kulikuwa heshima, ingawa ulikatazwa kuangalia maswali (uliyaangalia). Karatasi zilitoka zikinuka mafuta, nyuma zimejaa madoa ya ukurasa uliotangulia. Bei ya wino haikumhusu mtu. Mzazi alilipa pesa ya mtihani, basi.

Nilipoanza kufundisha Migori, stensili zilikuwa zimekwisha na saiba zilikuwa zimeanza. Ukurasa mweusi ulikuwa shilingi 10. Maazimio ya kazi, andalio la somo, barua ya kuomba uhamisho, vyote vilipitia kwa kijana mmoja pale karibu na steji ambaye alijua siri za walimu wa tarafa nzima kuliko afisa wa elimu. Katikati ya miaka ya 2010, ushuru wa KRA (mamlaka ya mapato), huduma za serikali za eCitizen na tathmini ya walimu vilihamia mtandaoni, na kila ofisi ikaendelea kudai karatasi vilevile. Foleni ya saiba ikarefuka. Hapo ndipo printa ya nyumbani ilipoanza kuonekana kama uhuru.

Yangu niliinunua mjini Migori, katika duka lililouza pia betri za sola na magodoro, kwa bei ya chini ya shilingi 5,000. “Madam, hii ni ya nyumbani kabisa,” muuzaji alisema. Ilikuja na katriji zake mbili, nyeusi na ya rangi. Zilipokwisha ndipo nilipojua nimeuziwa nini. Katriji nyeusi ilikuwa karibu shilingi 1,200, na karatasi yake yenyewe ilikadiria kurasa 120 hivi. Ukigawanya unapata shilingi 10 kwa ukurasa, bei ileile ya saiba, kabla hujahesabu karatasi, stima, na ule ukurasa unaotoka na mistari myeupe katikati. Ya rangi ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu rangi tatu za wino zilikaa ndani ya kijisanduku kimoja: njano ikiisha, unatupa na bluu iliyobaki.

Bei hiyo ilipangwa. Mashine inauzwa rahisi, pengine bila faida, na kampuni inajilipa kwa wino miaka yote utakayokaa nayo. Ni uchumi wa kadogo uleule tunaoujua dukani: anayenunua mafuta ya kupikia kwa kipimo cha shilingi 20 huwa anayalipia zaidi ya mwenye pesa ya kubeba mtungi. Haki ni haki lakini: katika katriji nyingi za aina hii, kichwa cha kuchapia kimo humohumo. Kina matundu madogo sana, na nyuma ya kila tundu kuna kipasha joto kinachochemsha wino hadi povu lisukume tone nje. Canon husimulia kwamba wazo hilo lilimjia mtafiti wao mwaka 1977, chuma cha kuchomelea risasi kilipogusa bomba la sindano lenye wino, nao wino ukaruka.

Bomba la sindano lilirudi kwetu kwa njia nyingine. Fundi mmoja wa Migori alinunua sindano kwenye duka la dawa na wino kwa chupa kubwa, akatoboa katriji, akaijaza, akaziba kwa selotepu. Alitoza shilingi 200. Wakati mwingine ilichapa vizuri kuliko mpya. Wakati mwingine aliirudisha akitikisa kichwa: “Madam, hii imeungua, hata nikijaza haitapiga.” Na kuna printa zilizosoma chipu ya katriji na kusisitiza kwamba ni tupu huku wino ukionekana kabisa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kampuni ikishauza katriji, hataza yake juu ya katriji hiyo imekwisha. Fundi wangu hakuwa ameisubiri.

Lakini hesabu ya shilingi 10 ilikuwa bado haijafika mwisho, kwa kuwa huku kwetu printa ya nyumbani si ya nyumba moja. Baba mdogo alipofariki Ndhiwa, programu ya mazishi iliandaliwa sebuleni kwangu. Nakala za wageni zingechapishwa mjini Homa Bay kwa mashine kubwa. Kwangu zilikuwa rasimu tu. Rasimu ya kwanza ilikuwa imeruka jina la mke wa pili. Ya pili iliweka wakwe baada ya chama cha akina mama. Ya tatu ilipingwa na wazee kwa sababu ya mwaka wa kuzaliwa ambao hata marehemu hakuwahi kuwa na uhakika nao. Kila rasimu ilibeba picha yake ya rangi, ukurasa mzima, kwa sababu hakuna aliyekubali kusoma bila kumwona. Wekundu ulipokwisha kwenye katriji, baba mdogo akaanza kugeuka kijani. Shangazi aliishika ile karatasi, akaitazama, akasema, “Huyu si ndugu yangu.” Tulicheka wakati usio wa kucheka.

Kisha mtaala mpya ukaanza rasmi katika madarasa ya chini mwaka 2019, na watoto wa jirani wakaanza kubisha hodi saa mbili usiku. “Mwalimu, mama amesema unisaidie na picha ya twiga.” Ya kesho, na ya rangi. Mwaka 2021 uchungu wa wazazi kuhusu gharama za mtaala huo ulifika hadi Mahakama Kuu, na mimi niliuelewa kutoka upande wa katriji. Saibani bei imebandikwa ukutani na haimwonei mtu haya. Nani atamdai mtoto wa jirani shilingi 30 za twiga, naye mama yake alikuletea omena juzi?

Kilichobadilisha mambo ni tangi. Epson ilianza kuuza printa za tangi Indonesia mwaka 2010, baada ya mafundi wa huko kuzoea kufunga chupa za wino nje ya mashine na kuziunganisha kwa mipira. Kampuni ilifuata sokoni njia ambayo watu walikuwa wameshaikata. Chupa nyeusi ya mililita 70 ilikadiriwa kurasa 4,000. Hata ukiinunua kwa shilingi 1,200, ukurasa unakula senti 30 za wino. Mashine yenyewe sasa ndiyo ghali, zaidi ya shilingi 20,000, na ndiyo maana saiba ziliipata kabla ya nyumba. Saiba bado zinatoza shilingi 10. Sizilaumu, zina kodi ya chumba, na zinasubiri wateja hata siku za mvua.

Sisi walimu wa chama chetu tulichanga tukanunua moja. Inakaa kwa mwenzetu Homa Bay, mama asiyeona aibu kudai pesa, na hicho ndicho kigezo tulichomchagulia. Ukurasa ni shilingi 3 kwa mwanachama, 5 kwa jirani, twiga akiwemo. Rasimu za mazishi ni bure, lakini ni nyeusi tupu, na picha inaingia mara moja tu, wazee wakishamaliza kubishana.