Mlango wa Pili

Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli. Madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje. Maneno mazuri, lakini fundi halipwi maneno. Kule nilikosoma mimi vyuma vilikuwepo bado. Wazazi walichangishwa basi la shule, wakatoa. Pesa ya kukata vyuma, ati haipo! Septemba 2024 bweni likaungua tena, Endarasha, Nyeri. Wavulana 21 wakafa. Serikali ikitenga fedha za usalama shuleni, jamani, isianze na ukuta na askari wa getini. Ianze pale tunapolala.