Mtoto akiitwa usaili wa ubingwa, naye ana maswali ya kuuliza

Mtoto akisema anataka kuwa daktari, nyumba nzima hufurahi. Akisema anataka upasuaji au magonjwa ya moyo, furaha huongezeka na shangazi huanza kumtambulisha kwa wageni. Akisema anataka ubingwa wa magonjwa ya akili, sebule hunyamaza kidogo. Kuna atakayeuliza kama kazi nyingine zimekwisha. Kuna atakayetaja Mirembe na watu watacheka, kwa sababu kwa Watanzania wengi jina la hospitali hiyo ya Dodoma limezoeleka zaidi kwenye utani kuliko kwenye tiba.

Familia moja ya Tabata, Dar es Salaam, iliupitia ukimya huo. Binti yao wa kwanza alisoma udaktari miaka mitano, akamaliza mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha akafanya mitihani ya USMLE na kupata cheti cha ECFMG, ambacho daktari aliyesoma nje ya Marekani lazima awe nacho kabla ya kuanza mafunzo ya ubingwa huko. Baba aliuliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza: kwani Muhimbili hawafundishi ubingwa huo?

Wanafundisha, binti alijibu, na wenzake wawili walikuwa wanaomba huko. Yeye alitaka baadaye ajikite katika afya ya akili ya watoto na vijana. Marekani ubingwa wa akili huchukua miaka minne. Anayetaka kutibu watoto husoma miaka miwili zaidi, na anaweza kuianza baada ya kumaliza mwaka wa tatu. Na kwa kipindi chote hicho daktari ni mwajiriwa anayelipwa mshahara, halipi ada. Hapo baba alinyamaza, akaomba chai.

Sebule yageuka ofisi

Usaili wa nafasi hizo hufanyika zaidi kati ya Oktoba na Januari. Tangu mwaka 2020 sehemu kubwa hufanyika kwa video, jambo lililowapunguzia waombaji nauli za ndege na hoteli. Lakini limeuleta usaili ndani ya nyumba za watu. Mwezi Desemba, saa mbili asubuhi ya Chicago ni saa kumi na moja jioni ya Dar es Salaam. Binti akianza kusailiwa, wadogo zake wanarudi shule, jirani anawasha redio, na umeme unaweza kukatika wakati wowote.

Familia ilijipanga. Watoto walipelekwa kwa mama mdogo. Bando liliwekwa kwenye simu mbili za mitandao tofauti. Fundi wa kuchomelea vyuma aliye nyuma ya nyumba aliombwa afunge kazi mapema siku hizo, akakubali kwa sharti kwamba naye ataambiwa matokeo.

Siku ya usaili huwa na sehemu kadhaa. Mwombaji huongea na madaktari wawili, watatu au zaidi, mmoja mmoja, halafu na mkurugenzi wa mafunzo. Baadaye hupewa muda na madaktari wanaosomea ubingwa hapohapo, bila wakubwa wao kuwepo. Karibu kila anayemsaili humaliza kwa kumuuliza: je, una swali?

Siku ya kwanza binti alijibu kwamba hana, kila kitu kimeeleweka. Mama yake, aliyekuwa jikoni akisikia, hakulipenda jibu hilo. Yeye huuza vitenge Kariakoo kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Jioni ile alimwambia mwanawe kwamba mteja asiyegusa kitambaa, asiyeuliza kama kinachuja, huuziwa chochote. “Mwanangu, wewe unakwenda kukaa kwao miaka minne. Hujui hata usiku utalala wapi, halafu unasema huna swali?”

Habari ya mjomba

Lilikuwapo swali jingine gumu zaidi, nalo halikuhitaji kukisiwa. Kila kituo kingemuuliza: kwa nini umechagua magonjwa ya akili?

Jibu la kweli lilikuwa Kilosa. Kaka wa mama, mjomba wa binti, aliugua akiwa kijana. Alisikia sauti, akaacha kula, akatoroka nyumbani. Alizungushwa kwa waganga miaka miwili kabla ya kufikishwa Mirembe. Alirudi akiwa ametulia, na tangu hapo anatumia dawa. Mtaani Tabata hakuna aliyejua. Harusi zilifanyika na posa zikapokelewa bila jina lake kutajwa sana.

Binti alitaka kulisema. Mama alikataa. Hofu yake ilikuwa na sababu: hao wazungu wakisikia ugonjwa uko kwenye ukoo, si watamwogopa binti mwenyewe? Na habari ikitoka, nani ataoa katika nyumba hii? Binti alisema angeweza kueleza bila kumtaja mtu, lakini lingekuwa jibu la kukariri, la mtu anayependa kusaidia jamii, na wasaili husikia la aina hiyo kutwa nzima.

Walibishana siku tatu. Ya nne mama alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Alimpigia simu mwenye habari yake.

Kaka yake alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Dada, mwache aseme. Lakini aseme na kwamba nalima. Asiniache kule nilikokuwa naokota makopo.”

Binti alifuata hivyo hivyo. Katika usaili uliofuata alieleza kwa sentensi chache: mjomba aliyeugua, miaka miwili iliyopotea kabla ya tiba, dawa, na ekari tatu za mahindi zinazomlisha mtu huyo hadi leo. Hakulia, hakuomba huruma. Daktari aliyekuwa akimsaili aliuliza jinsi ndugu walivyomsaidia mjomba aendelee na dawa, na mazungumzo yakaenda mbali kuliko muda uliopangwa.

Wazazi wenye mgonjwa ndani ya ukoo watalielewa hili. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Lakini maradhi yana mwenyewe, na kabla ya kuyatoa nje ni vema kumuuliza.

Maswali yaliyoandikwa nyuma ya daftari la mauzo

Baada ya simu ile mama na binti walianza kuandika maswali ya kuwauliza wasaili. Waliyapima yote kwa mizani moja: mjomba angefika hapo usiku, akiwa katika hali aliyokuwa nayo, angepokelewa na nani, na huyo anayempokea angekuwa na nani nyuma yake?

La kwanza lilihusu usiku. Daktari wa mwaka wa kwanza akiwa zamu, bingwa au mkubwa wake yuko jengoni au yuko nyumbani na simu? Chombo kinachosimamia mafunzo hayo Marekani, ACGME, kinataka saa za kazi zisizidi 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne, na katika wastani huohuo ipatikane siku moja ya mapumziko kila siku saba. Kila kituo kitasema kinafuata. Swali zuri zaidi ni kuwauliza walioko kazini: wiki iliyopita ulilala saa ngapi?

La pili lilihusu kufundishwa. Mwaka wa kwanza wa ubingwa wa akili si wa akili tupu. Humo mara nyingi mna miezi minne ya magonjwa ya kawaida ya mwili na miwili ya mishipa ya fahamu, kwa sababu anayeonekana amechanganyikiwa anaweza kuwa na homa ya ubongo. Baadaye huja mwaka mzima wa kliniki ya wagonjwa wa nje. Humo daktari hujifunza dawa na pia tiba kwa mazungumzo. Binti aliuliza: bingwa atakaa nami saa ngapi kwa wiki, sisi wawili tu, tukizungumzia wagonjwa wangu? Mgonjwa mmoja nitamfuata kwa muda gani? Kituo kimoja chenye jina kubwa kilijibu kwa maneno mengi yasiyo na namba. Hospitali ya mji mdogo wa Ohio ilitaja siku, saa na chumba.

La tatu lilihusu wagonjwa wenyewe. Ni akina nani? Wasio na bima wanapokelewa? Wakalimani wapo? Mahali penye wagonjwa wa aina moja, daktari hutoka anajua ugonjwa mmoja.

La nne mama alilitunga, binti akaogopa kulitamka. Mgonjwa akimpiga daktari kijana, nini hufanyika? Na mgonjwa akijiua, yule daktari aliyekuwa akimtibu hupelekwa wapi? Katika kazi hii yote mawili yanaweza kumkuta mtu. Hatimaye aliuliza kwa upole katika kikao cha madaktari wanafunzi. Kwenye kituo kimoja walitazamana kwenye skrini na hakuna aliyejibu haraka. Kwenye kingine, daktari wa mwaka wa tatu alisema lilimtokea. Mkurugenzi alimpigia simu siku ileile, zamu zake zikachukuliwa na wenzake, na bingwa aliyewahi kupoteza mgonjwa akawa anakunywa naye kahawa kila wiki. Mama, safari hii akiwa amekaa mlangoni, aliandika alama ya tiki kubwa kwenye daftari.

Yalikuwapo na mengine mafupi. Wangapi wameacha mafunzo katikati, na kwa nini? Waliohitimu wako wapi sasa? Viza ni ya J-1 au H-1B? La viza lina uzito kwa mzazi, kwa sababu mwenye J-1 akimaliza hutakiwa kurudi nchini kwake kwa miaka miwili, isipokuwa apate msamaha, kwa mfano kwa kufanya kazi miaka mitatu katika eneo lenye uhaba wa madaktari. Baba, aliyekuwa kimya wiki nyingi, alisema hiyo J-1 ameipenda.

Orodha ni ya nani

Usaili ukiisha, hakuna barua ya kukubaliwa inayokuja moja kwa moja. Mwombaji hupanga vituo kwa mpangilio anaoupenda, vituo navyo hupanga waombaji, kisha mfumo wa taifa uitwao NRMP, ulioanza mwaka 1952, huwaoanisha kwa kompyuta. Matokeo hufunga pande zote mbili kama mkataba. Kwa hiyo kituo ambacho mtu hayuko tayari kwenda hakiandikwi kabisa.

Hapa ndipo ndugu huingia na ushauri. Baba mdogo alisema jina kubwa liwekwe juu, maana watu watauliza. Rafiki wa familia alisema kinyume: aanze na kituo chenye uhakika, akianza na cha ndoto atakosa vyote.

Wote walikosea. Kompyuta huanza na chaguo la kwanza la mwombaji. Asipopata nafasi hapo, huhamia la pili akiwa na haki ileile kana kwamba la pili ndilo lilikuwa la kwanza. Mpangilio huo unaomwelekea mwombaji unatumika tangu 1998. Alvin Roth, aliyeongoza kuusanifu upya, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley, ambaye kazi yake ya hesabu ndiyo msingi wake. Kwa mwombaji maana yake ni nyepesi: andika unachotaka kweli, kwa mpangilio unaoutaka kweli. Ujanja haumsaidii.

Vituo navyo haviruhusiwi kumuuliza mwombaji atawapanga nafasi ya ngapi. Mama aliposikia hivyo alisema kama wao wamekatazwa kuuliza, basi na ukoo ukatazwe. Daftari alimpa binti, akafunga mlango. Binti aliweka Ohio juu na lile jina kubwa la nne. Hakuna aliyeiona orodha hadi ilipothibitishwa.

Matokeo hutoka wiki moja ya Machi. Jumatatu mwombaji huambiwa kama amepata nafasi au hakupata, na aliyekosa huwa na siku chache za kuomba nafasi zilizobaki. Ijumaa, ya tatu ya mwezi, huambiwa ni wapi. Jumatatu ile binti aliambiwa amepata. Ijumaa, saa moja usiku kwa saa za Dar es Salaam, alijua ni chaguo lake la pili, hospitali ya umma ya jiji kubwa, ile ya kahawa ya kila wiki.

Fundi wa kuchomelea aliambiwa usiku uleule. Asubuhi mama alimpigia kaka yake Kilosa. Akamweleza jiji, miaka minne, baridi. Mjomba aliuliza kama hospitali hiyo inapokea watu wasio na hela. Mama alifungua daftari la mauzo, akatafuta ukurasa, akamsomea jibu.