Kapo ya Nyumba ya Matairi Ilivyolala Miteja Wiki Nzima Kisa Mkanda wa Laki Tatu na Arobaini

Kuna kapo moja hapa Dar, majina kapuni, ukiingia kwenye peji yao unaweza kuyachukia maisha yako. Wana Hiace Super Custom nyeupe waliyoigeuza nyumba. Nyuma kuna kitanda cha mbao na droo chini yake, kuna jiko la gesi la plate mbili, friji ndogo, sola juu ya paa. Asubuhi mlango wa nyuma unafunguliwa, bahari hiyo hapo, mdada kajifunga kanga na kikombe cha chai mkononi. Watu wanaweka vikopakopa tu kwenye picha.

Ambacho hakionekani kwenye hizo picha ni injini. Super Custom yao ni ya dizeli, injini ile ambayo mafundi wanaiita 1KZ, imelala chini ya viti vya mbele. Na ndani ya hiyo injini kuna mkanda wa taimingi, wa mpira, una meno kama msumeno butu. Kazi yake ni kuhakikisha valvu zinafunguka na kufunga kwa zamu wakati pistoni zinapanda na kushuka. Mkanda ukikatika, pistoni inapanda inakuta valvu bado iko chini. Vinagongana. Hakuna honi wala moshi wa kukuonya kabla.

Toyota walilijua hilo, ndo maana gari nyingi za dizeli kutoka Japan zina taa kwenye dashibodi imeandikwa T-BELT. Taa hiyo haipimi mkanda. Inahesabu kilomita tu. Zikifika 100,000 inawaka kukuambia muda umefika, na fundi akishabadilisha anairudisha mwanzo kwa mkono ianze kuhesabu upya. Kumbuka hapo pa "kwa mkono", maana hadithi yote iko hapo.

Mwezi wa pili, kilomita zilipogonga 300,000, taa ikawaka wakiwa kwenye foleni ya Mbagala. Mdada ndo aliiona kwanza. Kaka akaenda kwa fundi Temeke, akapigiwa hesabu: mkanda wenyewe 110,000, tenshena na beringi yake 150,000, ufundi 80,000. Jumla 340,000. Ufundi ulikuwa umepanda kidogo kwa sababu ya urembo wao wenyewe. Katikati ya viti vya mbele walikuwa wamepigilia kabati la mbao, juu kabisa ya mfuniko wa injini, limepakwa vanishi linang'aa. Kufika kwenye injini lazima kabati ling'olewe.

Mdada anauza magauni mtandaoni na yuko kwenye kikoba na wenzake. Akatoa 340,000 kwenye hela ya safari, akamtumia mwenzie kwa simu. Jioni kaka akarudi, taa imezima. "Imeshashughulikiwa," akasema. Wiki hiyo hiyo gari likapata turubai la kukunjua ubavuni, lile la kukaa kivulini na viti viwili na meza. Kaka akasema kuna jamaa yake kampa kwa ofa. Picha ya kwanza chini ya lile turubai ilipata laiki kuliko zote walizowahi kuweka.

Safari ilikuwa Dar, Kilwa, Lindi, halafu Mikindani, ambako lodge moja ilishakubali kuwalipa 600,000 wakapige video. Waliondoka Alhamisi alfajiri. Wakavuka daraja la Mkapa pale Rufiji, wakasimama Somanga kula samaki. Baada ya Somanga wakapita taratibu yale maeneo ambayo Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara, mabasi ya kusini yakakwama huku na huku. Mdada akawa anarekodi dirishani.

Kabla ya kuingia Miteja gari likazima. Halikutetemeka, halikutoa moshi. Lilizima tu kama mtu kakata mafuta, likaserereka mpaka pembeni. Kaka akapiga stata. Injini ikazunguka, lakini nyepesi, haraka haraka, kama haina kitu ndani. Akapiga tena, akapiga mara ya tatu na ya nne. Hapo ndo watu wengi wanajimaliza. Stata ikizunguka nyepesi vile kwenye gari la mkanda, toa ufunguo, kaa chini. Kila ukipiga unazidi kuzigongesha valvu na pistoni.

Vijana wa pale walikuja bila kuitwa, wakasukuma gari mpaka chini ya mwembe karibu na kibanda cha duka. Bodaboda mmoja akaenda kuleta fundi Nangurukuru. Mwenye kibanda, mama mmoja wa makamo, akawapa maji na mihogo ya kuchemsha, akawaangalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Huyu ni mumeo?"

"Bado mama, ni mchumba. Tuna mipango."

"Haya. Basi mpaka hiyo mipango itimie wewe utalala kwangu ndani. Yeye atalala na gari lake."

Ikawa hivyo. Nyumba ina kitanda cha futi tano kwa sita na taa za rangi, lakini usiku wa kwanza mdada alilala kwenye mkeka na binti wa yule mama.

Ila kabla ya kulala fundi alishafika, jua linazama. Mtu mzima, mpole, anaongea kidogo. Aliling'oa lile kabati la vanishi skrubu moja moja, akafungua mfuniko wa mbele wa mkanda, akamulika na tochi ya simu. Akavuta kipande. Meno yamelika, mpira una nyufa, na upande mmoja umelowa oili.

"Huu mkanda wa zamani sana bosi. Oili seal imevuja juu yake. Oili inaulainisha mpira, haudumu."

Mdada akadakia, "Hapana fundi, hujaangalia vizuri. Umebadilishwa juzi juzi tu, mwezi wa pili, Temeke."

Fundi hakumjibu. Alimwangalia kaka. Kaka akawa anaangalia barabarani, linapita lori.

Hakuna aliyepiga kelele. Mdada aliuliza swali moja tu, "Lile turubai lilikuwa shilingi ngapi?" Kaka akasema 380,000. Kumbe 340,000 za mkanda ndo zilikwenda huko, akaongeza 40,000 zake. Na taa? Fundi wa Temeke alimpa elfu kumi akaizima. Dakika chache tu. Taa ikaanza kuhesabu upya kwa mkanda ule ule uliochoka.

"Yani ulilipa elfu kumi ili mimi nisione taa," mdada akasema, akaingia ndani kwa yule mama.

Kumtetea kaka kidogo, hakuwa na nia mbaya na wala si peke yake. Mkanda haupigwi picha. Gari lilikuwa linatembea vizuri, linawaka mara moja, halina mlio wowote. Alijiambia watabadilisha wakirudi, hela ya lodge ikiingia. Mwenye gari gani hajawahi kujiambia hivyo? Na kweli mkanda unaweza kupitiliza kilomita 4,000, au hata 20,000. Shida ni kwamba hakuna anayejua huo wako umeanzia wapi. Gari la mtumba lina dashibodi ya kwake na historia ya kwake. Aliyewauzia alisema "taiming mpya", kwa mdomo, bila risiti wala tarehe. Na mpira unazeeka kwa miaka na joto pia, hata kama gari linakaa tu getini. Ndo maana mafundi wa maana wanasema ukinunua gari la mkanda bila karatasi, badilisha kwanza, halafu wewe ndo uanze kuhesabu.

Kwa wenye IST na Vitz ambao presha imeshaanza kupanda: injini zenu za 1NZ na 2NZ ni za cheni, hazina huo mkanda, ila cheni nayo inataka oili ibadilishwe kwa wakati. Noah ya zamani ya petroli ya 3S ni ya mkanda, lakini ina bahati yake, mkanda ukikatika linazima tu na valvu zinabaki salama. Noah ya dizeli haina bahati hiyo. Subaru Forester za zamani za EJ nazo ni mkanda na zinagonga. Muulize fundi wako injini yako ni ipi kabla hujaenda kununua rimu mpya.

Tukirudi Miteja, Ijumaa fundi aliomba kivuli. Jua la Kilwa si mchezo, na hutaki vumbi liingie kwenye injini iliyo wazi. Kivuli kilichokuwepo ni lile turubai. Likakunjuliwa, fundi akafanya kazi chini yake kutwa nzima mpaka hedi ikatoka. Valvu ziko 8, 6 zimepinda. Pistoni zimeachwa na alama ila hazijatoboka, fundi akasema mshukuruni Mungu. Hedi lazima iende Dar ikapimwe na valvu mpya zikasagwe.

Kaka akataka kuituma na kondakta. Mdada akakataa. "Naenda nayo mwenyewe." Hedi ya 1KZ si kitu cha kubeba kwapani. Ilifungwa kwenye kiroba cha sulphate na kamba ya katani, vijana wawili wakaipandisha kwenye buti la basi Jumamosi asubuhi, kondakta akaidai nauli kama abiria. Kaka akabaki amesimama barabarani.

Hapo ndo ilikuwa siku ngumu. Mdada alikuwa na hedi, alikuwa na namba za mafundi, na alikuwa anaelekea kwao. Kama angeamua kuishia Dar, yule kaka alikuwa na boksi la mbao lisilo na injini chini ya mwembe wa watu. Jumamosi simu hazikupokelewa. Jumapili ikaja meseji moja, "Karakana imefungwa, Jumatatu." Basi. Usiku alikuwa anakaa na vijana pale kibandani, wanamchekesha, hacheki. Mjini watu walijua wako Kilwa Kisiwani wanakula bata, maana alishaweka picha ya zamani ya ufukweni. Aliifuta mwenyewe Jumapili hiyo hiyo.

Akauza droni. Kwa simu tu, kwa rafiki yake wa Sinza, laki nane, hela ikatumwa moja kwa moja kwa mdada aliyekuwa Gerezani, Kariakoo, ananunua spea.

Jumanne mchana basi likasimama Miteja. Akashuka na kiroba chake, na faili la plastiki lenye risiti. Valvu 8 kwa 25,000, hiyo 200,000. Seti ya gasketi 180,000. Mkanda, tenshena na beringi, bei ile ile ya mwezi wa pili, 260,000. Boliti za hedi 90,000. Karakana 150,000. Usafiri wa hedi kwenda na kurudi 60,000. Oili na kulanti 120,000. Ufundi wa kushusha na kupandisha 350,000, na nauli za fundi na bodaboda 50,000. Jumla 1,460,000, zaidi ya mara nne ya ile hesabu ya Temeke. Hapo hujaweka 600,000 za lodge ya Mikindani, ambayo ilishampa mtu mwingine nafasi.

Alimkabidhi fundi spea, akamwambia kaka, "Ungeniambia hela haitoshi ningekuelewa. Hela ya kikoba utanirudishia, laki tatu na arobaini, sio kwa maua." Halafu akaenda kumsaidia mama kutwanga kisamvu.

Alhamisi saa tano asubuhi gari likawaka. Likakohoa moshi mweupe, likatulia. Watoto wakashangilia. Mama wa kibandani alikataa hela ya chakula, akakubali lile turubai, kwa sababu kibanda chake jioni kinapigwa na jua. Mdada ndo alimpa. Kaka alilifungua mwenyewe ubavuni, boliti nne.

Wamefika Lindi, Mikindani hawakwenda. Wako pamoja, ingawa peji imepoa. Hela ya gari sasa iko kwenye namba ya mdada na kaka ameshalipa 150,000. Kwenye video yao ya mwisho, kushoto kwa usukani kuna kipande cha selotepu kimeandikwa kwa kalamu ya wino, BELTI 304,118, na tarehe. Kaka aliomba kibanduliwe kabla ya kurekodi kwa sababu kinaharibu mwonekano. Kipo mpaka leo.